Madume Wakiwa Ndugu, Jike Hupata Nafuu?

Chungwa la Muheza likipasuka na kuanza kuchacha, halikosi vijinzi vyenye macho mekundu. Inama utazame: dume anamfuata jike, ametandaza bawa moja analitetemesha. Anatongoza. Jike akikubali, gharama ni yake. Shahawa za dume zina protini zinazomfanya atage kwa wingi na kuwakataa madume wengine. Utafiti wa mwaka 1995 ulionyesha kwamba zinamfupishia pia maisha. Dume hajali, maana kesho jike huyo huenda akazaa na mwingine.

Je, huyo mwingine akiwa ndugu yake? Mwaka 2014 watafiti wa Chuo Kikuu cha Oxford walimweka jike pamoja na madume watatu. Madume walipokuwa wa baba na mama mmoja, walipigana kidogo, wakamsumbua jike kidogo, naye akaendelea kuzaa vizuri kwa muda mrefu zaidi. Si huruma. Ndugu hufanana kwa wastani wa nusu ya vinasaba, hivyo anayemchakaza jike anaharibu uzao ambao kwa sehemu ni wake. Lakini ndugu wawili walipochanganywa na mgeni mmoja, mgeni alipata watoto wapatao mara mbili ya kila ndugu. Mpole akaliwa.

Maabara nyingine zilirudia jaribio zisiyaone matokeo hayo. Mwaka 2017 Oxford wakaongeza sharti: haitoshi kuwa ndugu, lazima wawe wamekua pamoja. Kwangu mimi, hapo ndipo hoja ilipopata miguu.

Kwa simba mambo ni makali zaidi. Wapo hata Hifadhi ya Saadani, ila waliofuatiliwa miaka mingi ni wa Serengeti na Ngorongoro. Mwaka 1991 mtafiti wa simba Craig Packer na wenzake walionyesha kwa vinasaba kwamba madume wanaoungana wanne au zaidi huwa ndugu. Wawili au watatu wanaweza kuwa baki. Wakiteka kundi la majike huua watoto waliowakuta, ili mama arudi kwenye joto mapema. Hapo undugu wa madume ni msiba kwa jike, ingawa ndio huohuo utakaowalinda watoto wake wajao dhidi ya wavamizi wengine.

Majike nao ni ndugu: mama, mabinti, dada. Wenye watoto wachanga hulea pamoja, na wakiwa wengi humfukuza dume mgeni ambaye mmoja wao asingemweza.