Jino Likisha Kung'olewa

Watu wengi hudhani ya kuwa jino likisha kung'olewa, taabu imekwisha. Sivyo. Katika shimo la jino damu huganda, na damu hiyo ndiyo kifuniko cha mfupa. Basi uma kitambaa safi kwa muda wa nusu saa. Wala usisukutue kinywa, usivute tumbako, usiteme mate kwa nguvu, mpaka siku nzima ipite. Ndipo usukutue polepole kwa maji ya vuguvugu yenye chumvi.

Kifuniko kikitoka mapema, mfupa hubaki wazi, na maumivu makali huanza baina ya siku ya pili na ya nne. Hayo hayaui, rudi kwa mganga wa meno akusafishe shimo.

Lakini uvimbe chini ya taya, pamoja na homa na shida ya kumeza, ni hatari, maana huweza kuziba njia ya pumzi. Mtu wa Ukerewe au wa kisiwa kingine asingoje kucha, kwa kuwa chombo hakivuki ziwa kila saa. Na apelekwe upesi katika hospitali iliyo karibu. Na ikiwa lazima, Bugando, hospitali kubwa iliyofunguliwa Mwanza mwaka 1971. Wazee na walimu, waelezeni watu jambo hili.