Sura ya Nne: Thamani ya Ghorofa Moja Zaidi

Mchoro wa mipangomiji husema nini kinaruhusiwa kujengwa na wapi. Hausemi kitajengwa lini, wala na nani. Hayo huamuliwa na mwenye fedha, na fedha huenda palipo na faida.

Tuanzie Kariakoo, Dar es Salaam. Kwa miongo mingi huu ulikuwa mtaa wa nyumba za Kiswahili: korido katikati, vyumba huku na huku, jiko na choo uani. Leo viwanja vilevile vimebeba maghorofa yenye fremu za maduka chini, stoo na makazi juu. Mara nyingi mwenye nyumba alikuwa na hati bila mtaji, na mfanyabiashara alikuwa na mtaji bila kiwanja. Wakaingia ubia: mmoja atoe ardhi, mwingine ajenge, kisha wagawane sakafu. Waliopanga vyumba hawakuwamo katika makubaliano hayo. Walipewa notisi, wakaenda kutafuta vyumba mbali na mjini.

Bei ya kiwanja cha namna hiyo hupatikana kwa kupiga hesabu kinyumenyume. Tuseme jengo likikamilika litauzwa kwa shilingi bilioni 5. Ujenzi na vibali ni bilioni 3, riba ya benki milioni 500, faida ya mwekezaji bilioni 1. Zinabaki milioni 500, na hicho ndicho kiwango cha juu anachoweza kulipia ardhi. Sasa afisa mipangomiji aidhinishe ghorofa za ziada. Jengo litauzwa bilioni 7. Ujenzi utafika bilioni 4, riba milioni 700, faida bilioni 1.4. Zinabaki milioni 900. Udongo haujabadilika hata kidogo, lakini kiwanja kimepanda kwa milioni 400 kwa sababu ya saini moja ya ofisi ya umma.

Milioni hizo 400 ni za nani? Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 inatamka kwamba ardhi yote ya Tanzania ni mali ya umma, Rais akiwa mdhamini wake. Lakini kodi ya majengo, ambayo tangu 2021 hukatwa kupitia mfumo wa malipo ya umeme wa LUKU, hutozwa kwa kiwango maalumu. Mwaka 2023 ilipandishwa kuwa shilingi 18,000 kwa mwaka kwa nyumba ya kawaida, na 90,000 kwa kila sakafu ya ghorofa mijini. Sakafu iliyojaa fremu za Kariakoo hulipa sawa na sakafu ya makazi pembezoni mwa jiji. Kodi ya namna hiyo ni rahisi kukusanya, ila haigusi ongezeko la thamani.

Fedha za umma nazo huelekeza mji. Daraja la Kigamboni, lililofunguliwa 2016, lilijengwa kwa asilimia 60 za Mfuko wa Taifa wa Hifadhi ya Jamii (NSSF) na asilimia 40 za Serikali. Likaisogeza Kigamboni karibu na katikati ya jiji, na wenye viwanja wakanufaika na thamani waliyoletewa na michango ya wafanyakazi. Huko huko Kigamboni, mradi wa Dege, ambamo NSSF ilikuwa mbia, ulipangwa kuwa na nyumba zaidi ya 7,000. Ukasimama 2016, majengo yakiwa hayajakamilika. Mji haujengwi na wingi wa fedha pekee. Lazima kwanza ijulikane nani ataishi humo na atamudu kulipa kiasi gani.

Mwekezaji tunamhitaji, maana halmashauri peke yake haiwezi kuujenga mji upya. Lakini jiji lina nguvu ya kujadiliana naye kabla ya kibali kutoka, na baada ya hapo nguvu hiyo huisha. Kila ombi la kubadili matumizi ya ardhi au kuongeza ghorofa liambatane na hesabu kama ile ya juu, iwekwe wazi, na sehemu ya ongezeko idaiwe: bomba kubwa la majitaka, njia ya gari la zimamoto, vyumba ambavyo mpangaji aliyehamishwa ataweza kuvilipia kodi. Afisa mipangomiji asiyejua kusoma hesabu za mwekezaji atabaki kuidhinisha mji uliokwisha kupangwa na wengine.