Muuguzaji wa Nyumbani na Mdhamini Wake

Mama amepooza upande mmoja, anakaa Kasongo, mkoani Maniema, Kongo. Binti yake anafanya kazi Lubumbashi. Binti hutuma pesa kwa simu kila mwezi, lakini pesa haimgeuzi mgonjwa kitandani. Basi anampigia mjomba, mjomba anamwuliza imamu wa mtaani au katekista wa parokia, na haziishi siku mbili kabla hajapatikana mwanamke ambaye majirani wanajua aliuguza mkwe wake mpaka mwisho.

Anayetaka kuihamishia kazi hii ya kumtafuta muuguzaji kwenye mtandao wa simu aelewe kwanza kwa nini njia hiyo ya zamani hufaulu. Hufaulu kwa sababu kuna mdhamini. Muuguzaji akimwacha mgonjwa alale kwenye mkojo, imamu ndiye atakayeulizwa. Njia hiyo hukatika pale familia inapohama. Mapigano ya vikundi vyenye silaha karibu na mgodi wa dhahabu wa Namoya, upande wa Salamabila, yamewatawanya watu wengi wa Kabambare, na mkimbizi aliyefika jana katika mtaa mgeni hajui amwamini nani amwachie mzazi wake.

Kuuguza nyumbani ni ujuzi. Asiyeweza kujigeuza hugeuzwa kila baada ya saa mbili hivi, la sivyo ngozi ya kiunoni na visiginoni huoza. Aliyepooza hulishwa akiwa ameketishwa, taratibu, ili chakula kisiingie kwenye mapafu. Na muuguzaji ajue dalili za kumkimbiza mgonjwa kituo cha afya usiku huohuo, badala ya kungoja kuche.

Kasongo si ngeni katika mambo ya kuipeleka huduma karibu na nyumba. Katika miaka ya 1970 Taasisi ya Tiba ya Kitropiki ya Antwerp, Ubelgiji, ilishirikiana na watu wa hapa katika Mradi wa Kasongo: vituo vidogo vya afya vyenye wauguzi, vikishikamana na hospitali moja. Mwaka 1981 timu ya mradi ilichapisha katika jarida la Lancet uchunguzi wake juu ya chanjo ya surua na uhai wa watoto wa miezi 7 hadi 35. Habari kama hizo hazipatikani kwa kukaa mezani hospitalini. Lazima watoto wafuatiliwe huko wanakoishi. Leo katika teritwari za Kasongo na Kabambare kuna zone sita za afya: Kasongo, Kunda, Samba, Kabambare, Lusangi na Saramabila (ndiyo Salamabila), na vijijini wapo wale tunaowaita reko, wajitoleaji waliochaguliwa na wenzao. Lakini reko hupita tu. Anahamasisha, anapima mkono wa mtoto, anaondoka. Anayebaki usiku na mgonjwa hana daftari lolote linalomtaja.

Zanzibar wameonyesha kwamba simu inaweza kusaidia. Mpango wa Jamii ni Afya umefika wilaya zote za Unguja na Pemba, na wahudumu wa jamii zaidi ya 2,000 hutumia programu inayowaongoza hatua kwa hatua wanapotembelea kaya. Kwetu, ambako mtandao hupotea ukitoka mjini kidogo, programu iwe inayohifadhi taarifa bila intaneti, na kwa mwenye simu ya vitufe ujumbe mfupi utoshe.

Ila orodha yenyewe ya wauguzaji isiige maduka ya mtandaoni yanayompa kila mtu nyota. Mgonjwa asiyeweza kusema atatoa nyota gani? Na jirani gani atamwandikia jirani yake vibaya, kisha wakutane kisimani? Kila jina liandikwe pamoja na eneo la afya, mafunzo aliyopata, muuguzi mkuu wa kituo aliyemjaribu, na watu wawili wanaomdhamini. Udhamini uwe na tarehe ya kwisha, ufanywe upya kila mwaka, na mdhamini awe na haki ya kuuondoa. Jina la mgonjwa na mahali nyumba yake ilipo visiingie humo kabisa. Penye watu wenye bunduki, orodha ya nyumba zenye wasiojiweza ni hatari.

Halafu malipo. Kenya, ilipowazindua wahamasishaji wa afya ya jamii zaidi ya 100,000 mnamo Septemba 2023, iliahidi kila mmoja shilingi 5,000 kwa mwezi, nusu kutoka serikali kuu na nusu kutoka kaunti. Sisi tumezoea kuita kazi hii sadaka, hasa kwa kuwa wanaoifanya ni wanawake. Kiwango kijulikane kabla ya siku ya kwanza, kiandikwe kwenye orodha ileile, na binti aliyeko Lubumbashi amlipe muuguzaji moja kwa moja kwenye simu yake, pesa isipite kwa mjomba.

Waganga wakuu wa zone zetu sita, nawaomba: kabla hamjanunua simu hata moja, iteni kikao katika eneo moja tu la afya. Waulizeni akina mama ni nani wangemwachia mzazi wao usiku kucha. Kisha pembeni ya jina la aliyetajwa, andikeni jina la aliyemtaja.