Je, Wajua? Saa ya Vipande vya Pakiti

Je, wajua kwamba fayawoli, yaani programu inayolinda mlango wa mtandao, inaweza kuelemewa kwa sababu tu saa yake ya ndani inahesabu vibaya?

Mtandao wa Ethernet kwa kawaida hubeba pakiti, yaani fungu la data, isiyozidi baiti 1,500. Inayozidi hapo hukatwa vipande, na namba inayoonyesha huduma inayotafutwa huwa kwenye kipande cha mwanzo tu. Ndiyo maana fayawoli makini huvishikilia vyote hadi vitimie, kisha huamua.

Kipande kimoja kisipofika, vingine hubaki vikikalia kumbukumbu, kwa hiyo huwekewa muda wa mwisho. Hapo ndipo kosa hujificha. Saa ikirudishwa sifuri kila kipande kipya kinapoingia, mshambuliaji atatuma kimoja kimoja, kila mara kabla muda haujaisha, na pakiti isiyokamilika itakaa humo siku kadhaa. Akifanya hivyo kwa maelfu ya pakiti, nafasi inakwisha. Marekebisho huweza kuwa mistari michache ya programu, lakini ni ya lazima: hesabu ianzie kipande kilichotangulia kufika, isiguswe tena. Kanuni ya mawasiliano ya intaneti ya IPv6 inaagiza hivyo hasa, kwa sekunde 60.

Muda mrefu mno nao ni hatari. Katika IPv4, toleo la zamani la kanuni hiyo, namba za utambulisho zinazoonyesha vipande ni vya pakiti ipi ni 65,536 tu. Kompyuta mbili zikiwasiliana kwa kasi ya gigabiti moja kwa sekunde, zinaweza kuzimaliza kabla sekunde haijaisha; namba zikijirudia, vipande vya pakiti tofauti huweza kuungwa pamoja kimakosa.