Amri ya Mfalme na Wembe wa Meru

JE, msomaji, umewahi kumsikia mtoto wako akinung'unika juu ya somo la historia? "Hawa wafalme wa Ulaya wananihusu nini mimi mtoto wa Maua?" Ni swali la haki. Katika vilima vya Nyambene hapajawahi kuketi mfalme. Wameru walikuwa na Mugwe, aliyewabariki watu wake bila kuwa na askari wa kuwashurutisha, na walikuwa na baraza la wazee, Njuri Ncheke, ambalo makao yake yako Nchiru. Taji hatukuwa nalo. Amri, hata hivyo, tulizijua, tena tukazikaidi, na hapo ndipo mtoto wako na wafalme hao wanapokutana.

Hebu tuanze na ndevu. Peter wa Urusi aliporejea kutoka Ulaya Magharibi mwaka wa 1698, aliwakata wakuu wake ndevu kwa mkono wake mwenyewe. Aliona ndevu ndizo zinazoifanya nchi yake ibaki nyuma. Baadaye aliyetaka kubaki nazo alilipa kodi, akapewa kisarafu kama risiti. Naye Frederick wa Prussia aliagiza mwaka wa 1756 kwamba wakulima wapande viazi. Wengi walivitilia shaka. Leo ukiona magunia ya viazi yakipakiwa kule Timau huwezi kuamini kwamba kuna watu waliohitaji kuamrishwa ili wavile!

Lakini mfalme ninayemhurumia zaidi ni Kaizari Joseph II, aliyeitawala milki ya Austria peke yake kutoka 1780, mamake Maria Theresa alipofariki, hadi 1790. Huyu hakuwa dhalimu wa kawaida. Mwaka wa 1781 aliwaruhusu Waprotestanti na Waothodoksi kuabudu kwa dini zao, na mwaka huo huo akawafungua wakulima wa Bohemia kutoka minyororo ya mabwana wao. Alitaka mema, na aliyataka leo hii, si kesho. Akatoa amri kwa maelfu. Hata maiti hawakusalimika: mwaka wa 1784 aliagiza washonwe ndani ya magunia na kupelekwa kaburini katika jeneza lenye mlango chini, ili maiti aanguke shimoni na jeneza likatumike tena. Mbao zisipotee bure! Watu wa Vienna walighadhabika hata akaifuta amri hiyo mwaka uliofuata. Wahangari nao aliwalazimisha kutumia Kijerumani maofisini. Mnamo Januari 1790, akiwa mgonjwa kitandani, ilimbidi afute karibu marekebisho yake yote huko Hungaria. Mwezi uliofuata akafa.

Sasa turudi nyumbani, msomaji. Mwaka wa 1956, wakati wa hali ya hatari, Njuri Ncheke ilipitisha kwa kauli moja kupiga marufuku tohara ya wasichana katika Wilaya ya Meru. Serikali ya mkoloni ilikuwa nyuma ya jambo hilo, na wamishonari walikuwa wameipinga desturi hiyo kwa miaka mingi. Tukisema ukweli, lengo lilikuwa jema. Desturi ile iliwaumiza wasichana na kuwahatarisha wakati wa kujifungua.

Kilichofuata hakuna aliyekitarajia. Wasichana walinunua nyembe madukani, wakaingia msituni, wakatahiriana wenyewe kwa wenyewe. Wakajiita Ngaitana, yaani "nitajitahiri mwenyewe". Katika miaka mitatu watu zaidi ya 2,400, wasichana, wanawake na wanaume, walishtakiwa katika mahakama za Waafrika kwa kukaidi marufuku hiyo. Wengine walitozwa faini, wengine wakafungwa.

Kwa nini? Fikiria msichana wa miaka kumi na mitatu wakati ule. Asiyetahiriwa alihesabiwa mtoto, hakuwa na mahali miongoni mwa wenzake, na ndoa ilikuwa mashakani. Sherehe yenyewe haikuwa mikononi mwa wazee wa Njuri hata kidogo. Ilikuwa mali ya wanawake, waliokuwa na baraza lao na siri zao. Waliopiga kura walikuwa wanaume, na nyuma yao alisimama Mwingereza aliyekuwa amewafunga waume na baba za watu kizuizini. Hakuna aliyewauliza mama wala binti. Joseph naye hakuwauliza Wahangari.

Si kwamba wasichana hao walikuwa sahihi. Mwili uliokatwa haurudi, na nyembe za madukani hazikuuponya. Marufuku ile ilififia kabla ya uhuru na desturi ikaendelea kwa miongo mingi. Sheria ya Watoto ya 2001 ilikataza kuwakeketa watoto, wazee wa Njuri Ncheke wakalaani jambo hilo tena hadharani mwaka wa 2009, na mwaka wa 2011 Bunge likapitisha sheria inayokataza ukeketaji wa mwanamke wa umri wowote.

Waliokuwa wasichana mwaka ule sasa wamepita miaka themanini. Wako wachache Igembe, Tigania na Imenti. Mtoto wako akifunga shule na kwenda ushago, mwambie akae na nyanya yake jikoni, amuulize kwa adabu mwaka wa 1956 ulikuwaje. Daftari ailete, lakini asiitoe mpaka nyanya aanze kusema mwenyewe.