Je, Wajua? Mmea Wenye Ndoana na Seli Zinazostahimili Njaa

Maji ya Lualaba yanayopita Nyangwe, pale penye soko ambalo Livingstone alilikuta mwaka 1871, hushuka hadi Kindu, hufika Kisangani, na kuanzia hapo mto huitwa Kongo. Katika misitu ya bonde lake huota mmea mtambaa ambao wataalamu wanauita Ancistrocladus likoko. Neno la kwanza limetoka Kigiriki, maana yake tawi lenye ndoana, na ndivyo ulivyo: hukwea miti kwa vikulabu vyake mpaka ulione jua.

Je, wajua kuwa mmea huo una kemikali inayoua seli za saratani ya kongosho zikiwa na njaa, lakini zikiwa zimeshiba haizisumbui sana?

Uvimbe wa kongosho hupata damu kidogo mno. Seli nyingine zingekufa kwa kukosa sukari na oksijeni. Hizi hujibana, huanza kujila zenyewe kidogo kidogo, na maisha yanaendelea. Watafiti wa Toyama huko Japani, wa Würzburg huko Ujerumani na wa Kinshasa walizijaribu katika vyombo viwili, kimoja chenye chakula na kingine kisicho nacho. Zikitiwa rangi maalumu, seli hai hung'aa kijani, zilizokufa nyekundu. Kwenye njaa, kemikali ya likoko ilizipasua.

Kuua peke yake si habari; hata sabuni ingeziua. Swali ni dawa imeshika wapi. Walikuta Akt na mTOR, protini zinazoisaidia seli kuvumilia, zimefifizwa, na kule kujila nako kumekwama. Lakini taa ikizimika nyumbani, bado hujajua ni waya upi uliokatika. Ndiyo maana maabara nyingi huvua: dawa hufungwa kwenye vishanga vidogo, vishanga huchovywa katika rojo la seli zilizopondwa, vikaoshwa, kisha hutazamwa ni protini gani imeng'ang'ania. Mvuvi wa Kigenya pale Nyangwe angeielewa kazi hiyo bila kufundishwa. Angejua pia kwamba si kila kinachonasa ndicho ulichokitega.

(Tafadhali usiende kuuchemsha. Mmea huo bado uko maabara.)

Je, wajua kuwa miaka ya 1970 Wamarekani walivuna kilo 27,215 za mmea Maytenus buchananii katika milima ya Shimba, Kwale, pwani ya Kenya? Walitaka maytansini, sumu iliyotambuliwa na mwanakemia Kupchan mwaka 1972 kutoka mmea wa jamii hiyo wa Ethiopia. Mahali inaposhika palijulikana: tubulini, protini inayojenga nyuzi za kuvutia kromosomu seli inapogawanyika. Tatizo, tubulini imo katika kila seli yako, ya saratani na isiyo ya saratani. Wagonjwa waliumizwa na dawa, ikawekwa kando.

Ilirudi mwaka 2013 ikiwa imebebwa na kingamwili inayoitambua HER2, protini iliyojaa kwenye baadhi ya saratani za matiti. Kingamwili hugonga mlango, seli humeza mzigo, sumu hufunguka ndani. Sumu hiyo, ndugu wa karibu wa ile ya Kwale, siku hizi huanzia kwa bakteria, wala hakuna anayekwenda Shimba na panga.