Barafu ya Kibo ina njaa ya theluji

Mwaka 2002 mwanasayansi wa Marekani, Lonnie Thompson wa Chuo Kikuu cha Ohio State, aliandika pamoja na wenzake kwamba barafu ya Kilimanjaro ingetoweka kati ya mwaka 2015 na 2020. Habari ile ilizunguka dunia, na wauza safari wakaipenda: wahi kupanda kabla haijaisha. Mwaka 2020 ukaja, ukapita, na kilele cha Kibo bado kina weupe wake. Wale wanaosema mabadiliko ya tabianchi ni hadithi za Wazungu wakapata cha kushika.

Wasishangilie mapema. Thompson alikosea tarehe tu, safari yenyewe aliisoma sawasawa. Ramani ya mwaka 1912 ilionyesha takriban kilomita za mraba 12 za barafu juu ya mlima huu. Vipimo vya mwaka 2011 vilikuta kilomita za mraba 1.76. Yaani asilimia 85 ilikuwa imekwenda, na hata iliyobaki haiko pamoja, maana uwanda mkubwa wa barafu wa kaskazini nao umeshakatika. Mwaka 2022 UNESCO ilisema barafu ya Kilimanjaro na ya Mlima Kenya itakuwa imekwisha ifikapo mwaka 2050.

Sasa, ni nini kinachoila? Jibu linalokuja haraka mdomoni ni joto. Lakini juu kule wastani wa joto la hewa ni kama nyuzi 7 chini ya sifuri, na hewa ya namna hiyo haiyeyushi barafu. Georg Kaser na Thomas Mölg wa Innsbruck, Austria, wakisaidiwa na takwimu za kituo cha hali ya hewa ambacho Douglas Hardy wa Massachusetts alikisimika juu ya barafu yenyewe mwaka 2000, walitoa jibu jingine: ukame. Mnamo mwaka 1880 hivi hali ya hewa ya Afrika Mashariki iligeuka kavu, maziwa yakashuka, na mawingu yanayofika Kibo yakapungua. Tangu hapo barafu imekuwa kama mzee anayekula akiba aliyoiweka ujanani, huku hakuna mtoto anayemtumia hela.

Theluji mpya ina kazi mbili. Inailisha barafu, na inaifunika. Weupe wake hurudisha sehemu kubwa ya miale ya jua angani. Masika ikiwa hafifu, barafu ya zamani yenye rangi ya kijivu na vumbi hubaki wazi, na jua la ikweta kwenye mita 5,800 halina huruma. Barafu hiyo hugeuka mvuke moja kwa moja, bila kupita kwenye maji. Ndiyo maana sehemu kubwa yake hupotea bila kuacha kijito chochote.

Kuna jambo jingine ambalo wengi wanaopiga picha kileleni hawalioni. Kingo za barafu ya uwanda wa Kibo hazikuinama taratibu kama mteremko. Zimesimama wima, kuta kwa kuta, nyingine ndefu kuliko ghorofa kadhaa. Theluji haitui kwenye ukuta. Kwa hiyo ukuta hauwezi kukua, unaweza kurudi nyuma tu. Desemba jua huzipiga kuta zinazotazama kusini, Juni huhamia zile za kaskazini, na barafu huliwa pande zote mbili. Mwaka 2003 profesa mmoja wa Uingereza alipendekeza kuta hizo zifunikwe kwa pazia jeupe. Hakuna aliyelitundika. Ukijiuliza nani angelibeba hadi juu, jibu ni wagumu, kama wapagazi wa mlima wanavyojiita, na kwa ujira ule ule.

Thompson hakukubali kwamba joto halina hatia, na ana ushahidi unaostahili kusikilizwa. Mwaka 2000 alitoboa barafu hadi mwamba, akapata tabaka alizozikadiria kuwa na umri wa miaka 11,700. Barafu hiyo ilivumilia ukame mkali miaka 4,000 iliyopita, uliodumu vizazi na vizazi, na haikuisha. Tena katika tabaka za juu alikuta alama za kuyeyuka ambazo hazipo katika zile za chini. Mimi nadhani pande zote mbili zinaelezea kesi moja. Mvua zetu zinaamuliwa na Bahari ya Hindi, na bahari hiyo inazidi kupata joto.

Ugomvi huu ulifika hata mahakamani. Mwaka 2007 jaji wa London aliyeombwa kuzuia filamu ya mwanasiasa wa Marekani Al Gore kuhusu ongezeko la joto duniani isionyeshwe shuleni aliitaja Kilimanjaro miongoni mwa mambo tisa ambayo filamu ilisema bila ushahidi wa kutosha. Si mara ya kwanza watu wa London kutuamulia habari za mlima huu. Mmisionari Johannes Rebmann alipoandika kwamba aliona theluji mwaka 1848, mwanajiografia Desborough Cooley alimkatalia kwa miaka mingi, naye hakuwahi kukanyaga huku. Wala kurudi nyuma kwa barafu si jambo la jana: Mjerumani Hans Meyer, aliyefika kileleni mwaka 1889 pamoja na Ludwig Purtscheller, alirudi mwaka 1898 akakuta barafu imeshasogea nyuma. Wakati huo hapakuwa na gari hata moja Moshi.

Hofu kubwa ya wakazi wa chini ni maji. Nimesikia hata viongozi wakisema barafu ikiisha, mito itakauka na mifongo, yaani mifereji ya asili ya umwagiliaji, ya Marangu na Machame itabaki mitaro mitupu. Hapo tunakosea adui. Barafu yote iliyobaki ni kidogo mno, na nyingi yake, kama tulivyoona, huenda hewani. Maji ya mlima yanatoka msituni. Mteremko wa kusini, kwenye ukanda wa msitu, hupata zaidi ya milimita 2,000 za mvua kwa mwaka, wakati kileleni ni pakavu karibu kama jangwa. Mtafiti Mjerumani Andreas Hemp, ambaye ameufuatilia mlima huu kwa miongo kadhaa, ameonyesha pia jinsi miti na kuvumwani za juu zinavyokamua ukungu na kuudondosha ardhini. Maji hayo ndiyo yanayonywewa Moshi, yanayomwagilia migomba ya vihamba, na yanayoshuka hadi bwawa la Nyumba ya Mungu na mto Pangani.

Na ukame uleule unaoinyima barafu theluji ndio unaoukausha msitu wa juu hadi cheche moja ya mrina asali, au ya jiko la kambini, iweze kuuangamiza. Oktoba 2020 moto uliteketeza makumi ya kilomita za mraba za vichaka na misitu ya miinuko. Oktoba 2022 mwingine ukazuka. Hemp ameonyesha kwamba tangu miaka ya 1970 mpaka wa juu wa msitu umeshuka kwa mamia ya mita kwa sababu ya moto. Ongeza misumeno: uchunguzi wa ndege mwaka 2001 ulikuta zaidi ya miti 2,000 ya mkulo, ule Wachaga wanaouita mseri, imekatwa kinyume cha sheria. Mwaka 2005 msitu uliingizwa ndani ya hifadhi ya taifa, pamoja na Nusu Maili, ukanda ambao wananchi walizoea kuutumia. Kina mama waliokuwa wakiokota kuni humo wamelalamika, na wana hoja: mlinzi mzuri wa msitu ni yule anayenufaika nao.

Utalii hautakufa. Watu watapanda Kibo hata ikibaki mawe matupu, ingawa mawe hayo nayo yana hatari. Januari 2006 Wamarekani watatu waliuawa na mawe yaliyoporomoka kwenye njia ya Western Breach, na wachunguzi wakahusisha maporomoko hayo na barafu iliyokuwa ikiachia ukuta.

Barafu ya Kibo hatuna uwezo wa kuirudisha peke yetu, na si wilaya zetu za Rombo wala Hai zilizoichafua hewa ya dunia. Msitu uko mikononi mwetu. Basi mgombea atakapokuja kuomba kura, usipoteze muda kumuuliza habari za barafu. Muulize Nusu Maili inasimamiwa na nani, wananchi wanapata nini humo, na moto ukizuka Oktoba ijayo nani atapanda kuuzima, kwa vifaa gani.